Ron Simmons alitangulia, na kutangulia kwake kuna maana

Mhariri,

Katika makala mliyoichapa hivi karibuni kwenye kurasa za michezo juu ya Dwayne Johnson, ajulikanaye ulingoni kwa jina la The Rock, mwandishi wenu alisema mambo mawili ambayo naomba nafasi ya kuyajibu. La kwanza ni kwamba The Rock, alipotwaa ubingwa wa kampuni ya mieleka ya WWF mjini St. Louis tarehe 15 Novemba 1998, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mieleka ya kulipwa ya Marekani. La pili, lililopenyezwa katika aya ya mwisho kana kwamba halina uzito, ni kwamba ubingwa wenyewe si jambo la kubishania kwa kuwa matokeo ya mieleka hiyo hupangwa kabla. Kosa la kwanza ni la tarehe, na masahihisho yake yanatosha katika mstari mmoja. La pili ni kosa la fikra, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe yenyewe ni 2 Agosti 1992, na mahali ni Baltimore, katika jimbo la Maryland. Usiku huo Ron Simmons, mwanamieleka mweusi, alimshinda Big Van Vader na kukabidhiwa mkanda wa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu wa WCW, kampuni iliyokuwa mali ya tajiri wa televisheni Ted Turner na iliyokuwa ikishindana na WWF nchi nzima. Hiyo ni miaka sita na miezi mitatu kabla ya usiku wa St. Louis. Hata WWE, ambayo ndiyo WWF iliyobadili jina na ambayo iliinunua WCW mwaka 2001 pamoja na kumbukumbu zake, humtambua Simmons kuwa ndiye aliyetangulia. Mwandishi wenu, kwa hiyo, hapingani na mashabiki wachache wakaidi. Anapingana na kampuni ileile aliyokuwa akiisifu.

Sasa nije kwenye hoja ya pili. Ni kweli kwamba katika mieleka ya kulipwa mshindi huchaguliwa, na hakuna shabiki mtu mzima anayelikataa hilo. Yupo mtu ofisini anayeamua nani ataangushwa, nani atainuliwa, na mkanda utakaa kiunoni mwa nani mpaka lini. Lakini kutokana na ukweli huo mwandishi wenu alipaswa kufikia hitimisho lililo kinyume kabisa na lake. Mkimbiaji mweusi Jesse Owens alipokimbia katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, saa haikumuuliza rangi yake. Aliyemchukia na aliyempenda walilazimika kusoma muda uleule. Katika mieleka hakuna saa ya kumtetea mtu. Kila bingwa ni uamuzi wa mwenye mali, kwamba huyu ndiye tutakayemweka juu ya mabango, huyu ndiye watu watakayelipa kiingilio kumtazama, huyu ndiye atakayebeba jina la kampuni mbele ya kamera. Muungano wa mapromota uitwao NWA, ambao WCW ilichipuka kutoka kwake, uliundwa mwaka 1948. Kuanzia mwaka huo hadi 1992 ni miaka 44, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu mweusi aliyeandikwa katika orodha rasmi ya mabingwa wake wa dunia wa uzito wa juu. Kama ushindi ungetegemea misuli tu, mtu angeweza kusema kuwa hakutokea mwenye nguvu za kutosha. Kwa kuwa ushindi ulitegemea kuchaguliwa, basi kuna watu walioketi mezani kwa miaka 44 wakachagua, na kila mara wakachagua vilevile.

Wala haikuwa kwamba hakukuwa na watu. Bobo Brazil, ambaye jina lake halisi lilikuwa Houston Harris, mzaliwa wa Little Rock, Arkansas, alijaza kumbi kwa miongo kadhaa, na kichwa chake alichokuwa akiwagongea wapinzani kilijulikana kuliko mikono ya wengi. Tarehe 18 Agosti 1962, mjini Newark, New Jersey, alimlaza Buddy Rogers, bingwa wa dunia wa NWA, na mwamuzi akahesabu tatu. Kisha Rogers akadai kwamba aliingia ulingoni akiwa tayari ameumia, na Brazil, kama muungwana wa hadithi, akakataa mkanda ulioshindwa kwa namna hiyo. NWA haikuwahi kumwandika. Naomba wasomaji walitazame jambo hilo kwa makini: ushindi ulipangwa, dai la kuumia likapangwa, na hata uungwana wa kukataa ukapangwa, ili watu weusi waliolipa kiingilio wafurahi kwa dakika chache bila orodha ya mabingwa kubadilika. Mwaka uliofuata Bearcat Wright alishika ubingwa wa dunia wa WWA, lakini kampuni hiyo ilikuwa ya Los Angeles na eneo lake, na sehemu kubwa ya nchi haikumhesabu. Huko Atlanta ilibidi kungoja hadi Oktoba 1970 ndipo Bobo Brazil huyohuyo aingie katika pambano lililochanganya watu wa rangi tofauti. Nayataja haya ili anayesema "wa kwanza" ajue neno hilo limebeba nini, na kwa nini mimi mwenyewe ninalitumia kwa Simmons kwa maana hii tu: wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa kampuni kubwa ya nchi nzima, akaandikwa, na asifutwe.

Ron Simmons alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la Georgia, akasoma sekondari mjini Warner Robins, na kabla ya kuwa mwanamieleka alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa daraja la juu kabisa. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1977, chini ya kocha Bobby Bowden. Timu ya chuo hicho ilikuwa imeshinda michezo minne tu katika misimu mitatu iliyotangulia kuja kwa Bowden. Simmons alicheza katikati ya mstari wa ulinzi, uso kwa uso na mtu anayeanzisha mpira, mahali ambapo mchezaji hugongwa na watu wawili katika kila mchezo na hasifiwi na mtu. Mwaka 1979 timu ilimaliza msimu wa kawaida bila kupoteza, na katika misimu ya 1979 na 1980 ikafika Orange Bowl, moja ya mapambano makubwa ya kufunga msimu wa vyuo, mara mbili mfululizo, ingawa mara zote mbili ilifungwa na Oklahoma. Simmons mwenyewe aliteuliwa miaka yote miwili katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima, na mwaka 1979 alishika nafasi ya tisa katika kura za tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, jambo lisilo la kawaida kwa mlinzi. Jezi yake namba 50 ilistaafishwa na chuo mwaka 1988. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba Simmons alipewa mkanda kwa sababu ya rangi yake na akiwa hana jingine la kuonyesha, aanzie Tallahassee, mji wa chuo hicho.

Katika futiboli ya kulipwa hakufika mbali. Alipita Cleveland Browns, akacheza Kanada, kisha Tampa Bay Bandits katika ligi ya USFL iliyokufa mapema. Mwaka 1986, baada ya kufundishwa na Hiro Matsuda, mwalimu wa Kijapani aliyejulikana Florida kwa ukali wake, akaanza mieleka.

Kampuni iliyokuja kuitwa WCW ilimtambulisha kwa umma kwa namna ambayo hata leo hunipa uchungu nikiitazama. Mwaka 1989 ilimuunganisha na Butch Reed kuwa timu ya wawili, ikawaita Doom, na ikawafunika wote wawili kwa vinyago vyeusi vya kichwa kizima. Mchezaji ambaye jezi yake ilikuwa imestaafishwa mwaka mmoja kabla, ambaye Florida nzima ilimjua kwa sura, alifichwa uso ili awe jitu lisilo na jina. Vinyago vilivuliwa mwanzoni mwa 1990 baada ya kushindwa na ndugu wawili wa familia ya Steiner, na kuvuliwa huko, kulikokusudiwa kuwa fedheha, kukawa ndiyo bahati yao. Chini ya meneja Teddy Long, wakiwa na nyuso zao, waliwanyang'anya haohao kina Steiner ubingwa wa timu mjini Washington tarehe 19 Mei 1990 na kuushika hadi Februari 1991. Miezi tisa ni muda mrefu katika mchezo ambao mikanda hubadilishana viuno kama noti.

Oktoba 1991, mjini Chattanooga, Tennessee, Simmons alipewa pambano la ubingwa wa dunia dhidi ya Lex Luger, la mizunguko mitatu, mshindi akiwa ni wa mizunguko miwili. Kila mmoja alishinda mzunguko mmoja, kisha Luger akauchukua wa tatu. Ukumbi uliona kuwa anaweza. Wakubwa nao waliona, lakini walihitaji miezi tisa mingine.

Ndipo tunapofika Baltimore. Vader, ambaye jina lake halisi lilikuwa Leon White, alikuwa ametwaa ubingwa kutoka kwa Sting wiki tatu tu kabla, na alikuwa ametengenezwa aonekane hashindiki: alitangazwa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, na bado alikuwa akiruka kutoka juu ya kamba kama mtu wa kilo 80. Watu walikuwa wamenunua tiketi kumwona Sting akijaribu kuurudisha mkanda wake. Sting akashambuliwa na Jake Roberts, akawa hawezi kupigana, na Bill Watts, mkuu wa WCW wakati huo, akatangaza kwamba mpinzani mpya atapatikana kwa kura. Jina lililotoka lilikuwa la Simmons. Kura ilikuwa igizo, bila shaka. Lakini watazamaji hawakuwa wameandaliwa, na hiyo ndiyo siri ya uzuri wa usiku ule: hakuna aliyeingia ukumbini akitegemea historia.

Nimeitazama kanda ya pambano hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara jicho langu huvutwa na sehemu ileile. Vader anamjia kwa kasi na uzito wake wote. Simmons hakwepi. Anampokea kifuani, anampakata, anajigeuza naye hewani na kumbwaga chali, kisha anabaki amemlalia kwa kifua. Mwamuzi anapiga mkono sakafuni mara moja, mara ya pili, na kati ya mara ya pili na ya tatu sauti ya ukumbi inabadilika, kwa sababu watu wameanza kuelewa kwamba Vader hatanyanyua bega. Mkono wa tatu unapotua, wale walio karibu na ulingo hawapigi makofi, wanaruka. Kamera inawapitia watu weusi, wakubwa kwa wadogo, mikono hewani, vinywa wazi, nyuso za watu waliopewa kitu walichokwisha kuacha kukiomba. Namwomba mwandishi wenu aitazame sehemu hiyo, kisha aniambie kwamba haina maana kwa kuwa ilipangwa. Wale watu nao walijua kwamba mambo hupangwa. Kilichowarusha ni kuona kwamba, safari hii, aliyepangiwa ni mmoja wao.

Haki inanitaka niseme pia kwamba yaliyofuata hayakulingana na usiku ule. Simmons alishika ubingwa kwa siku 150, lakini kampuni haikumweka katikati kama ilivyomweka Sting. Katika onyesho kubwa la Oktoba mwaka huo, huko Philadelphia, bingwa wa dunia alipewa The Barbarian kuwa mpinzani, na pambano lililofunga usiku likawa la Sting na Jake Roberts. Tarehe 28 Desemba, mjini Atlanta, alikutana na Steve Williams katika pambano lililoisha kwa mpinzani kuondolewa kwa kuvunja sheria, na siku mbili baadaye, Baltimore tena, Vader akauchukua mkanda wake. Watts naye aliondoka mapema mwaka 1993, baada ya mahojiano yake ya nyuma yaliyogusa ubaguzi wa rangi kuibuka na kuzua hasira. Ni jambo gumu kulimeza, kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyefungua mlango, na kwamba miaka kadhaa kabla, katika kampuni yake ya Mid-South, ndiye aliyemfanya Junkyard Dog kuwa kipenzi cha New Orleans bila kujali desturi za Kusini. Sijaribu kulainisha ugumu huo. Promota aliyeona kwamba watu weusi hununua tiketi hakuhitaji kuwa mtakatifu ili ahesabu vizuri, na hesabu yake haipunguzi kazi aliyoifanya Simmons ndani ya kamba.

Nusu ya pili ya maisha yake ya ulingoni inahusiana moja kwa moja na mtu mliyeandika makala juu yake. Simmons alihamia WWF mwaka 1996 na kupewa jina la Faarooq pamoja na kofia ya chuma ya buluu kama ya mpiganaji wa Kirumi, vazi ambalo halikumfaa na ambalo, kwa bahati njema, lilitupwa haraka. Baadaye mwaka huo akawa kiongozi wa kundi lililoitwa Nation of Domination. Kundi hilo liliigiza sura ya harakati za watu weusi za miaka ya 1960, ngumi juu na mavazi meusi, na WWF ikaliweka upande wa adui, si wa stelingi. Sioni fahari katika kulifanya dai la haki kuwa sauti ya kuzomewa. Lakini Simmons aliposhika kipaza sauti na kusema kwamba mtu mweusi hapewi nafasi katika kampuni hiyo, alikuwa anasema jambo ambalo rekodi ya kampuni ililithibitisha: hadi hapo WWF haikuwahi kuwa na bingwa wa dunia mweusi. Rocky Johnson, baba yake The Rock, na mwenzake Tony Atlas walikuwa wamefika kwenye ubingwa wa timu mwishoni mwa 1983, na ngazi yao ikaishia pale.

Katikati ya 1997 Dwayne Johnson, aliyekuwa amechokwa na mashabiki kwa tabasamu lake la kijana mwema, aliingizwa katika kundi la Faarooq. Humo ndimo alimopata ulimi wake. Alisimama kando ya Simmons, kwanza nyuma yake, kisha sambamba naye, kisha mbele, hadi mwaka 1998 alipompindua na kulichukua kundi. Mzee aliyekuwa bingwa wa dunia miaka sita kabla alikubali kudharauliwa mbele ya umati, wiki baada ya wiki, ili kijana akue. Katika mieleka, kumwinua mwenzako kwa kuanguka vizuri ni ufundi wenye heshima yake, na wenyewe hawausahau. Miezi michache baadaye, pale St. Louis, kijana huyo alishika mkanda. Kuandika kwamba alikuwa wa kwanza ni kumfuta mtu ambaye bega lake alilipanda.

Simmons hakununa. Mwishoni mwa 1998 aliunganishwa na Bradshaw, mtu wa Texas, mzungu, mrefu na mwenye sauti ya kukwaruza, na wawili hao wakashika ubingwa wa timu mara tatu. Wanaowakumbuka huwakumbuka zaidi kwa ile ofisi yao ya kukodisha ulinzi: meza ndogo, karata, chupa za bia, na mlango uliosimama peke yake katikati ya korido bila ukuta upande wowote, ambao kila mgeni alilazimika kuubisha kwa adabu. Nyuma ya mlango huo aliketi mtu aliyekuwa bingwa wa dunia, akisema maneno machache sana, na mwishowe akawa maarufu kwa neno moja tu la mshangao alilolitoa kwa sauti nzito. Watazamaji vijana walimjua kwa neno hilo na hawakujua lolote la Baltimore. Sijui kama niwalaumu wao au sisi tunaoandika.

Mwaka 2008 Simmons aliingizwa katika jumba la heshima la futiboli ya vyuo, na mwaka 2012, mjini Miami, Bradshaw huyohuyo akamwingiza katika jumba la heshima la WWE. Waliopata heshima zote mbili ni wachache mno.

Naomba basi, Mhariri, mambo mawili. Mchape masahihisho mahali palepale mlipochapa makala, si kwenye kona ya chini ya ukurasa wa ndani, yakitaja jina la Ron Simmons, mji wa Baltimore na tarehe 2 Agosti 1992. Na siku mtakapoandika tena juu ya mabingwa weusi wa mieleka, mkiwataja Booker T wa mwaka 2000 na Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliyetwaa ubingwa wa WWE Aprili 2019, orodha yenu ianze pale ilipoanzia. Picha ya kuiweka juu ya makala ipo: ni ile ya Simmons akiwa amesimama na mkanda mkononi, jasho likimtiririka, na nyuma yake umati ambao bado haujakaa.

Wako katika ujenzi wa habari sahihi,

Msomaji wenu wa siku nyingi